Zamu ikibadilishwa, mwiteni na anayedeki wodi

Ukizuka mlipuko wa kipindupindu, wauguzi hupewa maelekezo, lakini mama anayedeki wodi husahaulika. Na yeye ndiye anayebeba ndoo za matapishi! Jamani, mwiteni kwenye makabidhiano ya zamu. Mwonyesheni kwa vitendo klorini ya asilimia 0.05 ya kunawia mikono na ile ya asilimia 0.5 ya sakafu, mumpe na mabuti yanayomtosha. Hapa Mbeya usiku wa Juni baridi inapenya hadi kwenye mifupa, kwa hiyo chupa ya chai ya tangawizi ikae mahali anapofika naye, isifungiwe chumba cha madaktari. Kisha muulizeni, “Mama, umelala lini?” Akisema juzi, apumzike, atafutwe wa kumpokea.