Kabla ya siku yako ya kwanza kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa

Ng'ombe wa maziwa huishi kwa mazoea. Akishazoea kukamuliwa alfajiri na jioni, kwa mpangilio ule ule na watu wale wale, mwili wake hujiandaa kabla hajaguswa. Utamwona amesogea mlangoni mwenyewe, na wengine chuchu huanza kudondosha maziwa wakisikia tu ndoo zikigongana. Sasa siku moja anaingia mgeni bandani, na mgeni huyo ni wewe mwanafunzi uliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Karibu kila ninachokushauri hapa kinatokana na hilo: jiandae kuingia kwenye mazoea ya mnyama bila kuyavuruga.

Wiki moja au mbili kabla, mpigie simu msimamizi wa shamba. Usiiachie barua ya chuo ikusemee. Muulize wanakamua saa ngapi na mara ngapi, kwa mkono au kwa mashine, utafikaje kwa zamu ya alfajiri, utakuwa chini ya nani, na siku yako ya mapumziko ni ipi. Mashamba mengi hukamua mara mbili kwa siku, mengine mara tatu, na zamu ya kwanza huanza kukiwa bado giza. Ukishajua saa, anza kulala mapema siku kadhaa kabla ya kwenda. Mwanafunzi mwenye usingizi husahau kufunga lango, na lango moja likiachwa wazi linaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Mavazi hayana mambo mengi. Beba ovaroli mbili ili moja ikiwa kwenye kamba nyingine iwe mwilini, na gambuti za saizi yako zenye soli ya kushika, maana sakafu ya banda huwa na maji na kinyesi muda wote. Kata kucha. Pete na hereni viache nyumbani.

Afya inahitaji uangalifu zaidi, na inakwenda pande mbili. Upande wa kwanza ni wewe kuwalinda ng'ombe. Ikiwa siku chache zilizopita ulikuwa kwenye shamba jingine, sema mapema, na usije na viatu vile vile kabla ya kuviosha na kuvitia dawa, kwa sababu virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo husafiri vizuri tu kwenye tope la kiatu. Upande wa pili ni kujilinda wewe. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Ugonjwa wa brusela hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, na pia kwa kushika kondo la nyuma au mimba iliyotoka bila glavu, kwa hiyo usione haya kukataa kikombe cha maziwa ambayo hayajachemshwa, hata ukipewa kwa ukarimu. Funika kila kidonda, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kama una mimba, mwambie msimamizi kabla hujafika ili usipangiwe kazi ya kuzalisha.

Kabla ya kumgusa ng'ombe, jifunze anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya pua. Ukimtokea kwa nyuma kimya kimya, kwake umetoka hewani. Na teke la ng'ombe si kama la punda: mguu mara nyingi huanza kwa kwenda mbele na pembeni, kisha ndipo unarudi nyuma, kwa hiyo kusimama ubavuni karibu na mguu wa nyuma hakukupi usalama unaoufikiria. Anza kuongea ukiwa mbali, kwa sauti ya chini, kisha mwekee kiganja mwilini na ukiache hapo kidogo kabla ya kushuka kwenye kiwele. Ukitaka atembee, simama nyuma kidogo ya usawa wa bega lake upige hatua moja kuelekea kwake, naye atakwenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, atasimama au atageuka. Fimbo na makelele havihitajiki, na mtu anayevihitaji kila siku bado hajajifunza kazi.

Sababu ya upole huu ni maziwa yenyewe. Kiwele kinapooshwa na kukandwa, homoni ya oksitosini hutolewa kwenye damu, nayo ndiyo inayoyashusha maziwa. Nguvu yake hudumu dakika chache tu. Ng'ombe akishtuka wakati huo, adrenalini huizuia, na maziwa hubaki ndani. Mkamuaji atakuambia, "Leo amebana." Mara nyingi aliyembanisha ni mgeni aliyeangusha ndoo.

Kama watakamua kwa mkono, fanya mazoezi nyumbani. Jaza maji kwenye glavu ya mpira, toboa tundu dogo kwenye kidole kimoja, kisha kamua. Utagundua mapema kwamba kukamua ni kubana, si kuvuta: kidole gumba na cha shahada hufunga juu ya chuchu, halafu vidole vingine hufuatana kimoja kimoja kwenda chini. Fanya hivyo dakika kumi kwa siku. Misuli ya kiganja itakuuma nyumbani badala ya kukuuma mbele ya ng'ombe anayesubiri.

Bandani, kabla ya kukamua ng'ombe yeyote, michirizi ya kwanza mitatu au minne huingia kwenye kikombe chenye uso mweusi. Inamia uitazame kwa makini. Maziwa mazuri hutanda meupe bila kitu. Ukiona vipande kama vya mtindi, au maji maji, au dalili ya damu, huenda robo hiyo ina ugonjwa wa kiwele, na unapaswa kusema hapo hapo. Kiwele kina robo nne zisizoungana ndani, hivyo moja inaweza kuugua na tatu zikawa nzima. Ndiyo maana kila ng'ombe hufutwa kwa kitambaa chake, na mgonjwa hukamuliwa mwisho. Mkishamaliza, chuchu huchovywa kwenye dawa, na ng'ombe hupewa chakula ili abaki amesimama kama nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu huchelewa kujifunga na sakafu ina vijidudu.

Uliza siku ya kwanza kabisa: ng'ombe aliyechomwa antibiotiki anatambulishwaje hapa? Ni kamba mguuni, rangi, au ubao ukutani? Niliwahi kumwona mwanafunzi mwenye bidii akimimina ndoo ya ng'ombe aliyekuwa kwenye matibabu ndani ya tangi. Hakuna aliyekuwa amemweleza ile kamba nyekundu ina maana gani. Maziwa yenye dawa hayauzwi, kwa hiyo tangi zima lilimwagwa, na yule kijana alilia. Swali moja tu lingemwokoa.

Kuna mambo manne ambayo hupaswi kuyajaribu peke yako hata ukiambiwa ni rahisi. Usiingie kwa fahali, hata yule anayesifiwa kuwa mpole. Fahali wa maziwa wameua watu waliowalea. Usiingie kati ya ng'ombe na ndama wake aliyezaliwa punde. Usikaribie mhimili unaozunguka kati ya trekta na mashine ukiwa na nguo inayoning'inia. Na usishuke kwenye shimo la samadi kwa sababu yoyote ile, hata kumwokoa mtu aliyeanguka humo. Paza sauti, ita msaada. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka humo hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama.

Beba daftari dogo la mfukoni na penseli, kwa kuwa wino hutoka ukilowana. Andika namba ya ng'ombe, ulichokiona, na saa. "Amesimama akipandwa na wenzake, saa kumi na moja alfajiri" ni dalili ya ng'ombe aliye kwenye joto, taarifa yenye thamani kubwa kwa mhimilishaji, yaani mtu anayempandikiza mbegu, na wewe ndiye unaweza kuwa uliyeiona peke yako. Joto la kawaida la mwili wa ng'ombe ni kama nyuzi 38.5, na ndama anatakiwa apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa chache za kwanza. Ukienda na hayo kichwani, utaelewa mbio unazoziona siku ya kuzaa.

Jiandae na moyo pia. Kwenye mashamba mengi ndama hutenganishwa na mama yake mapema, ndama dume huuzwa, na ng'ombe aliyepungua maziwa huondoka. Usiku wa kutenganishwa, mama anaweza kuita hadi asubuhi, na wewe utamsikia ukiwa kitandani. Muulize msimamizi wako kwa nini wanafanya hivyo na wanafanyaje ili mnyama asiteseke zaidi ya lazima. Huenda akakusimulia ng'ombe ambaye kuondoka kwake kulimuuma yeye.