Jinsi ya Kupima Nyumbani Kama Rangi za Chakula Zinamvuruga Mtoto

Mzazi anayemwona mwanawe akirukaruka baada ya kula ubuyu mwekundu hukimbilia kuilaumu rangi, na kusahau kwamba siku ya ubuyu aghalabu ni siku ya sikukuu, ya wenzake wengi na ya kuchelewa kulala. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9 walipewa kinywaji chenye rangi bandia na kihifadhi cha sodiamu benzoeti, na wakati mwingine kinywaji kisicho na vitu hivyo, bila wao wala wazazi kujua kipi ni kipi. Utundu uliongezeka, lakini kwa wastani mdogo, na watoto walitofautiana sana. Ndiyo maana inafaa umpime wako.

Anza kwa kusoma lebo za peremende, soda na juisi za unga. Namba za kutafuta ni 102, 104, 110, 122, 124 na 129, pamoja na 211 ya kihifadhi hicho, zikitanguliwa na E au INS. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi hizo sita kiwe na onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Vinavyoponyoka ni vile visivyo na lebo: ubuyu, achari, barafu za vifuko, hata viazi karai vya njano.

Viondoe vyote kwa wiki mbili, lakini usipunguze sukari wala kubadilisha saa za kulala, la sivyo hutajua kilicholeta nafuu ni kipi. Kila jioni andika alama, kuanzia 0 hadi 3, za mambo machache yanayoonekana: je, alikaa mpaka akamaliza kula, alimaliza kazi ya shule, alilala bila vurugu? Mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kutokwa na vipele kwa sababu ya rangi asijaribiwe nyumbani, na dawa ya maji yenye rangi aliyoandikiwa isisimamishwe bila kumwuliza daktari.

Kisha mtu mwingine, asiyeandika alama, atengeneze juisi ya pasheni katika kikombe chenye mfuniko, siku nyingine akitia rangi ya njano yenye namba 102 kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, siku nyingine asitie, huku akiweka kumbukumbu yake kwa siri. Rangi nyekundu haifai kwa jaribio hili, kwani ulimi wa mtoto utatoa siri kabla hujaandika chochote. Baada ya wiki mbili nyingine linganisheni daftari zenu: ikiwa alama mbaya zimeangukia siku za rangi mara nyingi, acheni kununua vyenye namba hiyo na mrudie jaribio kwa rangi nyingine; lakini alama hizo zikiwa zimetapakaa ovyo, tafuteni chanzo kwingine, mkianzia na usingizi.