Nguruwe pori wakiingia shambani: fanya hivi kabla ya kushika mkuki

Mimi nalima mihogo Liwale, kusini mwa Tanzania. Asubuhi ukikuta matuta yamefukuliwa, vipande vya muhogo vimetafunwa nusu na kwato zimejaa kwenye udongo laini, usifute chochote. Piga picha, hesabu mashina, mwite mwenyekiti wa kitongoji aone kwa macho yake. Mashina 43 niliyafukia kwa hasira mwaka mmoja, na afisa alipofika hakukuwa na cha kumwonyesha. Inaniuma hadi leo.

Siku hiyohiyo peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji, naye aipeleke kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Huyo ndiye mwenye njia halali ya kuleta askari kuwafukuza, au kuua mnyama msumbufu ikibidi. Nyaya usitege! Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na waya hauchagui: hunasa hata mbwa wako.

Walioharibu wakiwa tembo au kiboko, dai fomu ya kifuta jasho, yaani fedha za serikali za kumpoza aliyeharibiwa mazao na wanyama hao. Fedha ni kidogo, ekari zinazolipiwa zina ukomo, lakini daini, jamani, ni haki yenu.