SOMO: Draivu ya CD inakuambia "Permission denied" kwenye Linux? Soma hapa kabla ya kuuliza

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na karibu kila mara muulizaji anakuja akiwa ameshapiga chmod 777 (amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote) huku na kule. Naandika yote hapa mara moja. Ukikwama baada ya kulifuata, uliza na nitajibu.

Kwanza shika hili: ujumbe ni ule ule "Permission denied", lakini anayekunyima si mmoja. Huenda ni kifaa chenyewe, /dev/sr0 (ndilo jina la draivu ya CD ndani ya Linux). Huenda ni amri ya mount, ile ya kupachika CD, yaani kuiunganisha na folda ili mafaili yake yaonekane. Huenda ni ruhusa zilizochomwa pamoja na mafaili ndani ya CD, au programu yako imefungiwa isikione kifaa kabisa. Dawa ya mmoja haimtibu mwingine, kwa hiyo tazama kwanza, ndipo uguse.

Hatua ya 1. Weka CD, fungua terminali.

Hatua ya 2. Tazama kifaa:

ls -l /dev/sr0

Utaona kitu kama hiki:

brw-rw----+ 1 root cdrom 11, 0 ... /dev/sr0

Maana yake: mwenyewe ni root (msimamizi mkuu wa mfumo), kundi ni cdrom, hao wawili wanasoma na kuandika, wengine wote hawana chao. Debian, Ubuntu na Fedora hutumia kundi la cdrom. Arch hutumia optical. Shika jina unaloliona kwenye mashine yako, si la kwangu. Usipime kwa /dev/cdrom, maana hicho ni kiungo tu, na kiungo daima huonyesha lrwxrwxrwx. Wengi wameona hizo rwx tatu wakaamini kila kitu kiko wazi.

Kama /dev/sr0 haipo kabisa, ruhusa hazihusiki. Kagua waya wa draivu.

Hatua ya 3. Andika id, uone kama kundi hilo limo kwenye orodha yako. Likiwamo, ruka hadi hatua ya 6. Kwenye Ubuntu akaunti ya kwanza, ile inayoundwa wakati wa kusakinisha, huwekwa cdrom yenyewe. Akaunti unazoongeza baadaye haziwekwi. Ndiyo maana nyumba moja, kompyuta moja, mmoja huenda akasoma CD na mwingine akakataliwa.

Hatua ya 4. Jiingize kwenye kundi. HAPA NENDA POLEPOLE.

Amri sahihi ni hii:

sudo usermod -aG cdrom jinalako

Herufi ndogo a iliyo mbele ya G ndiyo yote. Ukiandika -G peke yake, mfumo hauelewi "niongezee cdrom", unaelewa "makundi yake ya ziada yawe cdrom tu", na yale mengine yote unatolewa, pamoja na sudo, kundi linalokuruhusu kutoa amri kama root. Hakuna onyo, hakuna swali la "una uhakika?". Amri inamaliza kimya kama imefanikiwa, na kwa mujibu wake imefanikiwa. Mimi niliisahau hiyo a. Nikawasha kompyuta upya, nikajaribu kurekebisha jambo, nikaambiwa simo kwenye faili la sudoers. Akaunti ya root ilikuwa haina nywila. Nilikuwa mmiliki wa kompyuta nisiyeweza kubadilisha chochote ndani yake, na siku nzima iliishia hapo.

Kwa hiyo fanya haya:

Kabla ya kuandika amri, fungua terminali ya pili, andika sudo -i, uiache wazi. Hiyo ni root hai; ukiharibu, unarekebisha kutokea pale. Usiifunge mpaka umehakikisha.

Kama mkono wako hauuamini, tumia sudo gpasswd -a jinalako cdrom. Yenyewe huongeza tu, haiwezi kukufuta kwingine. Siku hizi ndiyo ninayoitumia.

Ukimaliza, andika id jinalako na uhakikishe sudo (au wheel, kutegemea distro, yaani aina ya Linux yako) bado imo.

Na kama umeshaharibu na umeshazima: kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka) bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza init=/bin/bash mwishoni mwake, kisha Ctrl+X. Ukipata terminali andika:

mount -o remount,rw /
usermod -aG sudo,cdrom jinalako
sync
reboot -f

Diski iliyofungwa kwa usimbaji itakuuliza nywila yake kwanza, kama kawaida.

Hatua ya 5. Toka kwenye akaunti, uingie tena. Kufunga terminali na kufungua nyingine hakutoshi, kwa sababu makundi hupewa mtu wakati wa kuingia. Kipimo kizuri: id peke yake huonyesha makundi ya kikao ulichomo sasa, na id jinalako huonyesha yaliyoandikwa kwenye mfumo. Zikitofautiana, bado uko kwenye kikao cha zamani. Kwenye baadhi ya desktopu hata kutoka na kuingia hakuleti mabadiliko, kwani kuna huduma za systemd (msimamizi wa huduma za Linux) zinazobaki hai nyuma yako. Washa upya, yaishe.

Hatua ya 6. Kifaa kinafunguka lakini huwezi kupachika CD? Usitumie mount moja kwa moja, hiyo inamtaka root. Tumia:

udisksctl mount -b /dev/sr0

Haihitaji sudo. Ukitaka mount ya kawaida, mstari wako ndani ya /etc/fstab (faili la orodha ya vitu vya kupachikwa) uwe na neno user:

/dev/sr0 /media/cdrom0 udf,iso9660 user,noauto 0 0

Ila neno user huja na noexec ndani yake. CD itasomeka vizuri, lakini ukitaka kuendesha programu iliyomo, utanyimwa tena. Ongeza exec, na iwe baada ya user: user,noauto,exec. Ukiitanguliza, user itaifuta.

---

Swali: Nimefanya yote, haifanyi kazi. Msaada.

Jibu: Yote yapi? Weka hapa majibu ya ls -l /dev/sr0 na id. Bila hayo sina cha kutazama.

Swali: Mkuu, mimi nilipiga sudo chmod 666 /dev/sr0 ikakubali. Nikiwasha upya inarudi kukataa. Niiweke kwenye skripti ya kuanzia?

Jibu: Usiiweke. Folda ya /dev haiko kwenye diski, iko kwenye kumbukumbu, na hujengwa upya kila unapowasha. Udev, msimamizi wa vifaa, ndiye anayegawa mwenyewe, kundi na ruhusa kwa kufuata kanuni zake, kwa hiyo unachoandika kwa mkono hakiishi. Na hiyo 666 inampa kila mtumiaji na kila huduma uwezo wa kukiamuru kifaa. Kama draivu yako ina kundi lisilo sahihi, andika kanuni ndani ya /etc/udev/rules.d/, faili liishie na .rules:

KERNEL=="sr[0-9]*", GROUP="cdrom", MODE="0660"

Kisha sudo udevadm control --reload, na sudo udevadm trigger.

Swali: Si watu watumie sudo tu kwa kila kitu? Somo refu kwa jambo dogo.

Jibu: Ukinakili kwa sudo, mafaili yanakuwa ya root, na kesho unarudi kuuliza mbona huwezi kuyafuta. Nimeshajibu hilo pia, mara nyingi. Urefu wa somo umetokana na hatua ya 4, na sitaupunguza.

Swali: Samahani ndugu, nina udadisi. Mimi simo kwenye kundi la cdrom, nimehakikisha kwa id, lakini nikikaa mbele ya kompyuta CD inasomeka. Nikiingia kutoka mbali kwa ssh, kompyuta ile ile, akaunti ile ile, nanyimwa. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana. Rudi kwenye hatua ya 2 utazame alama ya + mwishoni mwa brw-rw----+. Inasema kuna ruhusa za ziada ambazo ls haionyeshi. Andika:

getfacl /dev/sr0

Utaona mstari wa user:jinalako:rw-. Huo ameuweka systemd-logind, msimamizi wa vikao vya watumiaji. Udev huvipa vifaa vya aina hii lebo ya uaccess, na logind humpa ruhusa mtu aliyeketi mbele ya skrini kwa wakati huo, kwa hoja kwamba mwenye mkono kwenye draivu ndiye mwenye haki ya kuitumia. Akiketi mtumiaji mwingine badala yake, ruhusa inahamia kwa huyo. Wewe wa ssh hujaketi popote, kwa hiyo hupewi, na hapo ndipo kundi la cdrom linapohitajika kweli. Jaribu: ukiwa kwenye ssh mwombe mtu aingie kwenye desktopu kwa akaunti nyingine, kisha endesha getfacl tena. Jina litabadilika.

Swali: CD ya nyimbo inakataa kupachikwa, inasema "wrong fs type". Ni ruhusa?

Jibu: Hapana. CD ya muziki haina mfumo wa mafaili, haipachikwi kamwe. Fungua kwa kicheza muziki, au nakili nyimbo kwa cdparanoia -B.

Swali: Programu yangu ya snap haioni draivu, lakini terminali inaiona. Nimo cdrom.

Jibu: Programu za snap hufungiwa zisiguse vifaa mpaka ziruhusiwe. Andika snap connections jinalaprogramu, na ukiona optical-drive haijaunganishwa:

sudo snap connect jinalaprogramu:optical-drive

Swali: Nimenakili folda kutoka CD kwenda diski, sasa siwezi kuhariri wala kufuta kitu.

Jibu: CD ni ya kusoma tu, na mafaili yametua na ruhusa zake. chmod -R u+w folda, basi. Kwenye CD yenyewe usijaribu, haitabadilika.

Swali: Nina CD ya zamani ya picha, niliichoma mwenyewe kwenye kompyuta nyingine. Inapachikwa vizuri, lakini folda mbili hazifunguki. Niko cdrom, kifaa kiko sawa. Ls inaonyesha mwenyewe ni namba 1003.

Jibu: Asante kwa kutazama kabla ya kuuliza. Huyo ni yule mnyimaji wa tatu niliyemtaja juu. CD ilichomwa na Rock Ridge (nyongeza ya CD inayohifadhi wenyewe na ruhusa za mafaili), ikabeba namba ya akaunti yako ya wakati ule na ruhusa zake. Kompyuta ya sasa inaziheshimu, na wewe hapa si 1003. Pachika ukiziacha kando:

sudo mount -o ro,norock /dev/sr0 /mnt

Majina marefu yakikatwakatwa, ni kwa sababu CD hiyo haina Joliet, nyongeza nyingine inayohifadhi majina marefu. Hapo pachika kawaida, unakili kwa sudo, kisha sudo chown -R jinalako folda. Ukichoma tena, andaa kwa genisoimage -r (herufi ndogo) badala ya -R. Ndogo humpa kila mtu ruhusa ya kusoma. Kubwa huhifadhi ruhusa kama zilivyo.

Swali: Imefunguka kwa norock, picha zote zimo! Nimenakili. Sasa draivu haitoi CD, nabonyeza kitufe hakuna kitu.

Jibu: Nimefurahi sana kwa hizo picha. Kitufe hufungwa CD ikiwa imepachikwa. Terminali yako huenda bado imesimama ndani ya /mnt. Andika cd, kisha sudo umount /mnt, halafu eject. Ikisema kuna anayeitumia, sudo fuser -vm /mnt itakutajia programu yenyewe.