Unaenda na watoto kwenye tamasha la mpira? Anza na sindano na uzi

Mimi ni fundi cherehani hapa Nyakato, Mwanza, mama wa watoto watatu. Tangu timu yetu ya Pamba Jiji ipande Ligi Kuu mwaka 2024, nyumbani kwangu haliimbwi lingine ila mpira, na tamasha la mashabiki, lenye skrini kubwa na michezo ya mpira, likiwekwa viwanja vya Furahisha ujue tupo. AFCON ya 2027 tumepewa kuiandaa na wenzetu wa Kenya na Uganda, kwa hiyo siku za namna hii zinakuja. Wazazi wenzangu, mimi hufanya hivi.

Siku mbili kabla, chukua jezi ya kila mtoto. Kata kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, kirefu kama kidole chako cha kati na kipana kama vidole viwili. Kunja kingo zote ndani zisichanike, andika kwa kalamu ya wino usiofutika, uache ukauke usiku kucha. Asubuhi kishone kwa mkono upande wa ndani, chini kidogo ya shingo. Andika namba mbili za simu: yako, na ya mtu aliyebaki nyumbani. Jina la mtoto usiweke, wala usilichapishe mgongoni, maana asiyemjua akilisoma atamwita kama ndugu yake, na mtoto ataitika.

Hizo namba mbili nilifundishwa na machozi. Mwanangu wa kati akiwa na miaka sita alinipotea kwenye umati, na wakati ule nilikuwa nimeshona namba yangu peke yake. Simu ilikuwa imezima kwa kupiga picha tangu asubuhi. Meza ya watoto waliopotea waandaaji walikuwa wameiweka nyuma ya spika za muziki, hata jina likitangazwa husikii. Mama mmoja muuza karanga ndiye aliyemshika mkono akazunguka naye mpaka tukaonana. Sasa tukifika tu, kabla ya lolote, tunachagua mahali pa kukutana pasipohamishika: nguzo, mti, ngazi ya lile daraja la waenda kwa miguu. Hema usilichague, yanafanana yote. Kisha kila mtoto anapaonyesha kwa kidole, hata mdogo.

Fika mapema, saa tatu asubuhi ikiwezekana, na uende moja kwa moja kwenye michezo ya kupiga mpira. Kuchorwa uso na kupiga picha na kombe kusubiri. Foleni ya penalti ikifika saa sita inakuwa ndefu, jua la utosi, na mtoto akifika mbele ameshachoka, anapiga ovyo. Kumbuka watoto wamekuja kucheza. Skrini hata kwa jirani ipo.

Na wafundishe nyumbani wiki nzima kabla. Penalti ya wakubwa ni mita 11. Kwa mtoto wa miaka saba huo ni umbali mkubwa. Muombe kijana anayesimamia amsogeze karibu na ampe mpira mdogo, namba 3, au namba 4 kwa wa miaka kumi hivi. Ukiomba vizuri atakubali. Mtoto aweke mguu anaosimamia kando ya mpira, kidole kikielekea golini, apige kwa upande wa ndani wa mguu, macho yakibaki kwenye mpira. Kwenye mashine ya kupima kasi ya shuti ni tofauti: hapo apige kwa juu ya mguu, penye kamba za kiatu, katikati ya mpira. Binti yangu wa kwanza ni golikipa, na nilimwona akipitwa na wavulana kwenye foleni mara mbili. Nilikwenda nikasimama naye. Wazazi wa mabinti, simameni nao. Akishadaka mpira mmoja mbele za watu hatahitaji tena kusindikizwa.

Rangi ya uso ijaribu kwanza mkononi, ndani ya kiwiko, usubiri robo saa. Ikiwasha, acha.

Chakula beba cha kukaa: michembe na matobolwa ya bibi yao, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, haviharibiki kwa joto, na maji ya kutosha. Chipsi wanunue huko huko. Nampa kila mmoja elfu mbili yake, ikiisha imeisha. Bibi mwenyewe tunakwenda naye, na kigoda chake na mwavuli, kwa sababu kivuli huwahiwa na waliotangulia. Huyo ndiye anayelinda mabegi. Mkwe wako usimwache ameketi karibu na spika. Wala mtoto wa mgongoni.

Mechi ikianza kwenye skrini, kaeni pembeni, upande wa njia ya kutokea. Wapeleke watoto chooni dakika ya 40, kabla ya mapumziko. Mapumziko ni robo saa tu na umati wote hukimbilia huko.

Kurudi ndiko kugumu. Filimbi ya mwisho ikilia daladala zinagombaniwa, na bodaboda wanaita mishikaki, yaani kupakiana wengi kwenye pikipiki moja. Usiwapakie watoto watatu kwenye pikipiki moja hata kama nyumbani ni pale Pasiansi. Sisi tunakaa nusu saa, tunamalizia matobolwa, watoto wanapiga danadana uwanja ukipungua watu, halafu tunapanda daladala tumekaa.

Watalilia ziwani wakaoshe vumbi na rangi. Ziwa letu ni zuri, lakini kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wanaoeneza kichocho, na mtoto hupata kwa kuingiza miguu tu. Mimi wangu wanaoga nyumbani, kwa ndoo. Jezi nazifua jioni hiyo hiyo, na kile kitambaa cha namba nakiacha palepale kilipo.