Jinsi ya kumjengea iguana banda la nje, kutoka kwa mtu aliyelikosea mara ya kwanza

Mi niko Houston, Texas, nina iguana wa kijani (aina ya mjusi mkubwa) dume namwita Babu, ana karibu futi 5 ukimpima na mkia, na kila nikipiga simu ya video nyumbani mama anauliza bado nafuga lile likenge. Sio kenge jamani, kenge anakula nyama na mayai ya watu, huyu ni mla majani mtupu, ila nimeshachoka kueleza. Na wewe uliyeko Bongo usisome hapa ukaenda kukamata kenge porini, kule mnyama pori bila kibali ni kesi.

Kwanini nje? Jua. Iguana anahitaji mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ili mwili utengeneze vitamini D ndo kalsiamu iingie kwenye mifupa, akiikosa mifupa inakuwa laini, taya linavimba, miguu inatetemeka. Taa za UVB zipo na ndani lazima uwe nayo, lakini UVB yake inapungua na muda hata kama taa bado inawaka. Na kumweka dirishani haisaidii, kioo kinaleta joto tu, UVB yenyewe inabaki nje.

Kabla hujanunua hata skrubu moja

Angalia sheria ya ulipo. Florida tangu 2021 iguana wa kijani yuko kwenye orodha ya wanyama waliokatazwa, Hawaii pia hawataki kumsikia. Mpangaji, muulize mwenye nyumba mapema.

1. Mahali

Tafuta sehemu inayopata jua la asubuhi na ikifika saa nane mchana iwe na kivuli, mti ukiwepo upande wa magharibi umepata bahati. Zunguka uangalie mimea: oleanda, ile ya maua ya pinki watu wa huku wanaipenda sana kwenye fensi, ni sumu, isiwe karibu kiasi cha majani kudondokea ndani. Haibiskasi panda hata kumi, anakula maua na majani. Nyasi za hapo zisiwe zimepigwa dawa.

Afu kuna wale sisimizi wekundu wanaochoma kama moto, aliyewahi kuwakanyaga na ndala anajua. Kichuguu chao kikiwa karibu wanaweza kumvamia mnyama aliyefungiwa asiye na pa kukimbilia. Mi huwa namwagia maji yanayochemka, narudia mara mbili tatu mpaka wahame, sipulizi dawa.

2. Fremu

Langu ni futi 8 urefu, futi 6 upana, na futi 8 kwenda juu, kwa sababu mbao za mbili kwa nne dukani zinauzwa futi 8, kwa hiyo nguzo hukati kabisa. Kimo usikibanie. Iguana ni mnyama wa juu ya mti, akiwa juu ya kichwa chako anatulia, ukimweka chini ukamwinamia anakuona mwewe. Tumia skrubu za nje zisizoshika kutu, misumari inalegea mbao zikinywa mvua na kukauka. Ukuta wa nyuma piga plaiwudi nzima, asione watu na mbwa pande zote nne, ile inamchosha.

3. Wavu (hapa ndo nilikosea)

Mara ya kwanza nilitumia wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, maana ni rahisi na fundi yeyote wa kwetu angefanya hivyo hivyo. Wiki ya pili nikamkuta Babu ananing'inia ukutani kwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma, kucha imejisokota kwenye waya na kila akivuta ndo inakaza. Nilikata waya kwa plaizi huku ananichapa mkia usoni. Kidole kilivunjika, mpaka leo kimepinda.

Tena wavu ule rakuni anauchana kwa mikono. Rakuni ni kama ngedere wa huku, anatembea usiku, ana vidole kabisa, anapitisha mkono kwenye tundu anavuta anachokifikia. Kwa hiyo nunua wavu uliochomelewa wa matundu ya mraba, nusu inchi kwa inchi 1, ule uliofunikwa plastiki juu ya waya ndo mzuri kwa kucha. Wenye matundu madogo sana kama wa mbu acha, unapunguza UVB na yeye anauchana.

Ufunge upande wa nje wa fremu, adui akisukuma anausukumia kwenye mbao badala ya kuung'oa. Stepla ni za kushikilia tu wakati unapima, baadae kila inchi 6 weka skrubu yenye washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu katikati. Ncha zote za waya zikunje zitazame nje, pitisha kiganja ndani kote, kikikwaruzika na yeye atakwaruzika.

Chini sikuchimba, udongo wa hapa ni mfinyanzi. Nilitandaza wavu huo huo kuzunguka banda upana wa futi 2 juu ya nyasi, nikaubana kwa vyuma vya mahema, mi naiita sketi. Anayekuja kuchimba anaanzia ukutani, anakutana na sketi, anaondoka, na miezi michache nyasi zinaifunika huioni tena.

4. Paa

Nusu wavu, nusu bati au plaiwudi. Usiweke yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga ukadhani umempa jua, mengi yanazuia UVB kama kioo.

5. Mlango

Weka miwili, mmoja wa nje, unaingia kwenye kiveranda cha futi 3, unafunga, ndo unafungua wa ndani. Utaona ni kazi ya bure mpaka siku iguana mwenye joto mwilini akupite katikati ya miguu, humkamati. Komeo liwe la kusukuma na juu yake kufuli au klipu ya chuma inayojifunga, kindoano peke yake rakuni anakifungua.

6. Ndani

Matawi manene kama mwili wake au zaidi, yafungwe kwa skrubu na sio kamba. Moja lifike sehemu ya jua kali, jingine liwe kivulini, na njia ya kutoka hapa kwenda pale isimlazimishe kushuka chini. Hapo ndo siri ya banda lote, achague mwenyewe. Asubuhi Babu anatoka mweusi mweusi, anajibapa kama chapati kwenye tawi la jua, baada ya nusu saa hivi rangi inafunguka kijani, anasogea kivulini mwenyewe. Ukiona amekaa kivulini na bado mdomo uko wazi, kazidiwa joto, mmwagie maji na umtoe. Kwenye boksi la kioo usimweke juani hata dakika kumi, anaiva kama mkate.

Beseni la maji la kutosha kuingia mwili mzima, lisafishe kila siku maana humo ndo choo chake. Jike mwongezee ndoo pana ya mchanga na udongo wenye unyevu, anataga hata bila dume. Umeme sijaweka kabisa, maana usiku analala ndani ya nyumba.

Chakula asubuhi, na sisi wa sukuma wiki tumebarikiwa, kolad, mboga ya majani ya huku, ni ndugu yake kabisa. Spinachi kidogo tu, inazuia kalsiamu. Mabaki ya matunda toa, yanaita sisimizi.

7. Joto na ratiba

Mi namtoa ikifika nyuzi 24 za Selsiasi na jua lipo. Chini ya nyuzi 10 anaganda hawezi hata kukimbia, huko Florida baridi ikishuka zaidi ya hapo wanadondoka kwenye miti kama maembe. Februari 2021 umeme ulipokatika hapa kwenye ile baridi, Babu alilala ndani ya blanketi letu na chupa za maji ya moto, mke wangu hajanisamehe.

Siku ya kwanza kaa naye humo nusu saa, angalia anapopachokonoa kwa pua, hapo ndo penye upenyo, panapopita kichwa na yeye mzima atapita. Jioni mtoe bandani mapema jua likipungua, maana mchana wa joto ni mwepesi na mkia wake ni fimbo. Vaa glavu, shika kifuani na miguu ya nyuma, mkia usiuvute, unakatika. Ukimaliza nawa kwa sabuni kabla hujashika mtoto, wanabeba salmonela, na beseni lake usilioshee kwenye sinki la jikoni.