Kabla hujabeba programa kwenda saiti: waya, draiva na femwea vikae sawa nyumbani

Msimu wa korosho ukikaribia huku kwetu Mtwara simu zinaanza, mtu ana ghala Tandahimba kifaa chake cha kupima unyevu kimeganda, mwingine yuko Newala anataka bodi ibadilishwe programu, na wewe fundi unatupia laptopu na programa (kile kifaa cha USB cha kuandikia programu kwenye chipu ya bodi) kwenye begi unawahi gari la asubuhi. Ukifika ndo unagundua laptopu haiioni programa kabisa, unatafuta draiva (programu inayoiwezesha laptopu kuongea na kifaa) mtandaoni, bando lipo ila mtandao hausogei, mwenye ghala kasimama pembeni anakuangalia. Mimi yamenikuta, nusu siku nzima nahangaika na bodi nikijua imeungua, kumbe bodi nzima, mbovu ni waya. Tangu siku hiyo kila kitu nakimaliza nyumbani jioni moja kabla.

Anza na waya, usiudharau. Kuna waya za kuchajia tu zina nyaya mbili ndani, umeme basi, na za data zina nne, kwa macho zinafanana kabisa. Taa ya programa ikiwaka isikudanganye, ile inasema umeme umefika, haisemi data inapita. Chomeka simu kwa waya huo huo kwenye laptopu, ikikuuliza kama unataka kuhamisha mafaili basi ni wa data, ufunge tepu nyekundu uwe wa kazi na usimpe mtu achajie. Na kama unakaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani, angalia pini, chumvi ya hewa inaleta kutu ya kijani taratibu, ifute na spiriti kabla hujalaumu kingine.

Alafu angalia laptopu inaona nini. Kwenye Windows fungua Device Manager, bonyeza kile kifaa chenye alama ya njano, ingia Details usome Hardware Ids, utakuta VID na PID, yani namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. ST-Link V2 (programa ya chipu za STM32) ni 0483 na 3748, USBasp (programa ya chipu za AVR) ni 16C0 na 05DC, CH340 (chipu ya kugeuza USB kuwa siriali) ni 1A86 na 7523. Namba hizo zikitokea ujue waya mzima na programa iko hai, kilichobaki ni draiva. Ila ukikuta VID 0000 na PID 0002 acha kabisa kuinstoli draiva, hapo kompyuta imeshindwa hata kumuuliza kifaa jina lake, rudi kwenye waya, tundu la USB au programa yenyewe. Hili watu wengi wanalikosea, mtu anaweka draiva 5 tofauti kwa tatizo ambalo sio la draiva.

Kwa USBasp kwenye Windows utahitaji Zadig, programu ya kuwekea draiva, mimi naweka draiva ya libusbK na avrdude, programu inayoiendesha USBasp, inafanya kazi vizuri. Nakuomba tu usome jina la kifaa kabla hujabonyeza mana Zadig haikuzuii, ukichagua mausi au kibodi nayo inabadilishiwa draiva na inakufa hapo hapo. ST-Link usiipitishie huko, iachie draiva ya ST wenyewe. Chipu za siriali zina mambo yake, PL2303 za zamani na zile feki draiva mpya zinazikataa na kutoa kosa la Code 10, inabidi urudishe draiva ya zamani, na mwaka 2014 draiva ya FTDI, watengenezaji wengine wa chipu hizo, iliyokuja na apdeti za Windows ilibadilisha PID za chipu feki kuwa 0000 vifaa vya watu vikapotea ghafla. Kwa hiyo jioni ya mwisho kabla ya safari usiruhusu Windows ijiapdeti. Wanaotumia Linux draiva mara nyingi ipo tayari, shida ni ruhusa, jaribu na sudo, ikikubali basi weka sheria za udev (zinazotoa ruhusa ya kifaa) au ujiingize kwenye dialout, kundi la watumiaji wenye ruhusa ya siriali, utoke uingie tena.

Sasa femwea ya programa yenyewe, yani programu iliyomo ndani ya kifaa hicho, hii ndo ifanyike nyumbani bila mjadala. STM32CubeProgrammer, programu ya ST, ina sehemu ya kuapdeti ST-Link, na femwea ikiwa ya zamani sana unaweza kukataliwa kudebagi mpaka uapdeti. Chaji laptopu ijae kwanza, umeme ukikatika katikati betri ikubebe, usichomoe mpaka iseme imemaliza. USBasp iko tofauti, avrdude ikikuandikia kwamba haiwezi kuseti muda wa SCK (mapigo yanayopanga kasi ya kuandika) na kukushauri uangalie femwea, hilo ni onyo tu, kazi mara nyingi inaendelea. Linakuuma ukipata chipu ya AVR ATmega328P mpya ya kiwandani, ile inatembea 1 MHz na SCK lazima iwe chini ya robo yake, yani chini ya 250 kHz. Kawaida kwenye amri ya avrdude ungeandika -B 10 kupunguza kasi ikaisha, lakini femwea ya zamani haisikii -B, so unaunga jampa ya JP3 ya mwendo wa pole. Kuibadilisha femwea ya USBasp kunataka programa ya pili na jampa ya JP2, haifanyiki juu ya gunia la korosho.

Upande wa bodi jampa ya voteji ndo ya kwanza, bodi ya 3.3V ukiipa 5V hujaipima, umeiua. GND iungane, na zile ST-Link za kichina soma maandishi ya ganda la hiyo uliyonayo, mpangilio wa pini unatofautiana. Kwenye bodi ya STM32F103, OpenOCD (programu ya kuongea na chipu kupitia ST-Link) ikikataa kwa sababu imesoma namba ya chipu 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477, mara nyingi uliyonayo ni chipu ya kuiga, badilisha namba kwenye faili la mipangilio. Na kama programu iliyomo imezima pini za SWD, zile ST-Link inazopitia, unganisha huku umeshikilia riseti au weka jampa ya BOOT0 kwenye 1.

Programa ya akiba ni lazima, sio anasa. Kutoka Dar kuja huku ni zaidi ya kilomita 500, na mwezi wa tano 2024 mvua zilipokata barabara upande wa Kilwa mzigo wa Kariakoo haukuwa na njia. Draiva zote, Zadig, CubeProgrammer na mafaili ya hex (programu ya bodi) ya mteja viwe kwenye flashi.

Jioni hiyo zima waifai kabisa uone kama kazi inaenda bila mtandao, chukua bodi unayoijua ni nzima, soma saini (namba ya utambulisho) ya chipu yake, andika, hakiki, chomoa, chomeka tena usome. Ikipita weka alama tundu la USB ulilotumia mana Windows wakati mwingine inaanza upya ukihamia tundu lingine, halafu waya ule ule, programa ile ile na hiyo bodi nzima viingie kwenye begi pamoja.